Mgagani: mnayoniuliza kila mvua zikianza

Swali: Hivi mgagani ndo upi?

Ni ule unaojiotea wenyewe kwenye mahindi na hasa pale palipokuwa zizi la ng'ombe, kitaalamu Cleome gynandra, Wakisii wanauita chinsaga na Wajaluo dek. Jani limegawanyika kama vidole vitano hivi, ndo maana ukipita mjini na fungu lako hukosi mtu wa kukuangalia vibaya akidhani umebeba bangi 😂 ila la bangi lina meno kama msumeno. Shina la mgagani lina vinyweleo vinanata kidogo, ukishika harufu inabaki mkononi.

Swali: Uchungu nautoaje? Mi nachemsha namwaga maji mara mbili.

Hapo sasa dada unaharibu, maana vitamini C inayeyuka kwenye maji na nyingi unaimwaga kwenye karo, halafu unakula makapi unasema umekula mboga. Chuma majani machanga kabla haujatoa maua, changanya na mchicha au majani ya kunde, maji kidogo tu, ukishalainika tia karanga za kutwanga au maziwa uache uchemke taratibu mpaka rojo ishike kijiko. Karanga zinakata uchungu, na yale mafuta yake yanasaidia mwili kupata vitamini A iliyoko kwenye majani. Uchungu kidogo utabaki, na ndo utamu wenyewe.

Swali: Unaongeza damu kwa mjamzito?

Una madini chuma ndiyo, lakini chuma cha mboga mwili unakipokea kwa shida kuliko cha nyama, kwa hiyo kamulia limao mezani na chai isubiri kama lisaa limoja. Vidonge vya kliniki endelea navyo, mboga haichukui nafasi yake.

Swali: Natumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, niache mgagani?

Usiache ghafla wala usianze kula sahani nzima ghafla, mboga za majani zina vitamini K inayopingana na hiyo dawa. Mwambie daktari wako kiasi unachokula.

Swali: Naweza kuchuma popote?

Hapana. Shamba lililopigwa dawa ya magugu, kando ya mtaro wa maji machafu, pita tu. Na kuna mnanaha (datura), huo ni sumu na unaota humohumo, watoto wakichuma harakaharaka unaingia kwenye kikapu, kwa hiyo kabla ya kuosha mwaga kwenye ungo uangalie jani mojamoja. Mtu akila halafu mdomo ukamkauka, mboni zikatanuka, akaanza kuweweseka, usimnyweshe maziwa wala nini, hospitali muda huohuo na lile jani mbebe nalo.