Kipimo tunachokuja nacho Dodoma

Ukihamia Dodoma leo, haupiti muda kabla hujaambiwa kwamba Wagogo ni ombaomba na kazi hawapendi. Atakuambia bodaboda, atakuambia mwenye nyumba, na ofisini utaambiwa tena. Nafundisha saikolojia ya jamii hapa mjini, na maneno haya yananiuma, kwa sababu wengi wanaoyasema si watu wabaya. Wamekuja na kipimo cha kwao na hawajui kama wamekibeba.

Chukua tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Mwanafunzi mmoja kutoka Bukoba aliandika kwenye kazi yake kwamba watu wa Chamwino, hapa mkoani Dodoma, wana ng'ombe wengi ila maendeleo hawayajui, maana wanalala kwenye nyumba za udongo hadi paa. Kwao Bukoba mvua hufika milimita 2,000 kwa mwaka. Paa la udongo lingeporomoka msimu wa kwanza. Dodoma hupata kama 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ukuta mnene wa tembe huzuia jua la mchana na kutunza joto usiku wa Julai, na paa lake bapa, la chini, upepo wetu haulitikisi. Nao ng'ombe ni akiba. Mzee makini hawaweki wote kwenye zizi lake. Baadhi huwakabidhi ndugu na marafiki wa vijiji vingine, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki. Kumwambia awauze wote aezeke bati ni sawa na kumwambia mfanyakazi atoe akiba yake yote ya uzeeni anunue makochi.

Mwaka 1977 Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, aliipa jina kasoro hii: tukieleza tabia ya mwenzetu tunakimbilia hulka yake, mazingira yake tunayasahau. Miaka miwili baadaye mwanasaikolojia mwenzake, Thomas Pettigrew, akaonyesha inavyofanya kazi kati ya makundi. Watu wa kundi lingine wakikosea, ndivyo walivyo. Wakifanya vizuri, ni bahati, au huyo ni wa peke yake. Mgogo akiwa daktari bingwa utasikia, "Huyo si Mgogo wa kawaida." Kwa sentensi hiyo moja, hukumu ya zamani inabaki salama.

Historia ya hapa ina ushahidi mzito zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo Ugogo. Mvua ilipokatika ikaja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na watu wakatawanyika kuhemea. Aliyekutana nao njiani aliona mkono unaoomba. Ghala lililokombwa hakuliona.

Halafu mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikaja Kongwa kulima karanga, na matrekta na mamilioni ya pauni. Mizizi ikavunja majembe, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Hakuna aliyesema Waingereza ni wavivu. Walisema mipango mibaya na ukame. Mbona ukame huohuo, kwenye ardhi hiyohiyo, haumtetei Mgogo?

Wengine wanatumaini kwamba kwa kuwa serikali imehamia hapa, kuishi pamoja kutamaliza mambo haya. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana husaidia pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, wanafanya kazi pamoja kwa lengo moja, na wakubwa wanaunga mkono. Wageni wengi hapa wanamjua Mgogo kama mlinzi, saidia fundi au muuza karanga, na hadhi sawa hapo haipo. Wenyeji nao wanaona ukuta na geti, mtu anapita na gari bila hata "mbukwa", salamu ya Kigogo, wanasema wageni wana maringo. Ninapoona mabadiliko ni kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya mitaani, ambako karani wa wizara na mama muuza ubuyu wanakopa kwenye sanduku moja na kudhaminiana. Baada ya mizunguko michache, anayeitwa mvivu pale ni yule asiyerejesha, na kabila lake haliulizwi.