SCIF ni nini, na fedha yake huishia wapi

SCIF (hutamkwa "skif") ni chumba, au hata jengo zima, ambamo serikali ya Marekani huruhusu taarifa nyeti za kijasusi zisomwe, zijadiliwe na kuhifadhiwa. Kanuni zake zimo katika ICD 705, agizo la mwaka 2010 kwa idara za kijasusi za Marekani, pamoja na kitabu chake cha vipimo vya kiufundi. Ukiingia unaona ofisi tu: bodi za jipsamu, zulia, taa. Ndiyo maana wengi hukadiria bei ya ofisi, kisha bajeti ikapasuka.

Swali la kwanza la bei huja kabla ya mchoro: nyaraka zitalala wapi? Zikifungiwa kila jioni kwenye makabati ya chuma yaliyoidhinishwa, ukuta wa kawaida unatosha, na kengele ikilia walinzi wana dakika 15 za kufika. Zikiachwa mezani, dakika zinaweza kushuka hadi 5; na kama jengo halina tabaka nyingine za ulinzi kulizunguka, ukuta huongezewa wavu wa chuma au plaiwudi. Mteja anayetaka nyaraka zilale mezani kwa sababu tu ya uvivu wa kufunga kabati aonyeshwe kwanza hesabu hiyo.

Ukuta huo wa kawaida una tabaka 3 za bodi ya jipsamu yenye unene wa inchi 5/8: moja upande wa nje, mbili upande wa ndani, katikati fremu za chuma na sufi ya kuzuia sauti. Hauishii kwenye dari ya kuning'inia. Hutoka sakafu halisi hadi slabu ya juu, na kila kiungo huzibwa kwa gundi maalumu. Lengo ni kiwango cha kuzuia sauti kiitwacho STC 45, yaani mtu akipaza sauti ndani, aliye nje asielewe maneno. Panapotumika vipaza sauti, ni STC 50. Mlango nao lazima ufikie kiwango kilekile, na hapo ndipo pagumu, maana mpira wa ukingoni ukikaa vibaya kidogo tu, sauti inapita chini ya mlango ghali.

Lakini ukuta si mla fedha mkubwa. Mlaji ni matundu. Kila bomba, waya na njia ya hewa inayoupita ukuta hutaka kuzibwa na kukaguliwa, na njia za hewa huvujisha sauti kwa urahisi. Tundu likizidi inchi za mraba 96 huwekwa nondo za nusu inchi, zilizochomelewa wima na mlalo kila baada ya inchi 6, pamoja na kidirisha cha kuzikagua. Ila upande mmoja wa tundu ukiwa chini ya inchi 6, nondo hazihitajiki. Kwa hiyo njia ya inchi 14 kwa 8 (112 za mraba) inadai nondo, na ya inchi 22 kwa 5 (110) haidai. Mhandisi wa viyoyozi akiambiwa mapema, anabana umbo kwenye karatasi bila gharama ya maana. Akiambiwa baada ya mabati kufungwa, ni kubomoa.

Kosa jingine la kawaida ni haraka ya kufunga bodi kabla mkaguzi hajaona gundi, sufi na nondo. Piga picha kila hatua; ukuta uliofungwa bila ushahidi unaweza kufunguliwa tena.

Kisha kuna mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye mitambo, ambayo jasusi anaweza kuyanasa akiwa nje. Mtaalamu wa TEMPEST (jina la kanuni za kuzuia uvujaji huo) huamua kama chumba kinahitaji karatasi ya chuma ukutani, au mabomba yakatwe kipande na kuunganishwa kwa kisichopitisha umeme. Uamuzi wake usubiriwe. Kuweka kinga "kwa tahadhari" ni kutupa pesa.

Nje ya Marekani, vibarua wenyewe huwa hatari, hivyo hulipiwa mafundi waliochunguzwa na walinzi wa vifaa tangu safarini. Ubalozi mpya wa Marekani mjini Moscow ulianza kujengwa mwaka 1979 kwa zege lililomwagwa nje ya eneo la ujenzi na Wasovieti. Mwaka 1985 kazi ilisimamishwa baada ya vinasa sauti kugunduliwa ndani ya zege lenyewe. Ghorofa mbili za juu zilibomolewa, nne mpya zikajengwa na Wamarekani, na jengo likakamilika mwaka 2000.