Fegi inakula mshahara ambao hujaushika

Nikizungumza na wafanyakazi kuhusu sigara, lazima atokee wa kupiga hesabu ya bei ya pakiti mara siku thelathini. Sawa, lakini hizo ni chenji. Mimi ni mchumi wa masuala ya ajira, na ninayoililia ni ile fedha ambayo mvutaji hakuwahi kuipata.

Judith Prochaska wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifuatilia watu 251 waliokuwa wakitafuta kazi eneo la San Francisco. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 12, asilimia 56 ya wasiovuta walikuwa na kazi. Wavutaji? Asilimia 27. Na hao waliobahatika walilipwa wastani wa dola 5 pungufu kwa saa. Zidisha mwenyewe kwa saa 40 za wiki.

Hapo utaniambia wavutaji wengi hawakusoma, kwa hiyo tusiisingizie sigara. Hoja ina uzito. Ndiyo maana naupenda utafiti wa Finland, uliolinganisha historia ya uvutaji ya watu na kumbukumbu za mapato yao kuanzia 2001 hadi 2019, huku ukizingatia mambo kama elimu. Pakiti moja kila siku kwa mwaka mmoja ilienda sambamba na upungufu wa mapato wa karibu asilimia 1.8. Mwaka mmoja tu huo!

Inakuwaje? Niliwahi kukaa karibu na geti la ghala moja, saa mkononi. Dereva wa folklifti haruhusiwi kuvuta karibu na mzigo, hivyo hutembea hadi getini, huwasha, hupiga soga na mlinzi, hunawa, hurudi. Dakika 11. Mara sita kwa zamu. Hakuna aliyemkata hata senti. Ila kontena liliposhushwa yeye yuko getini, na siku ya kuchagua wa kwenda kozi ya usimamizi, bosi alimkumbuka yule aliyekuwepo. Kwenye faili hamna palipoandikwa “sigara”.

Nilimsimulia dereva huyo kuhusu watafiti Grafova na Stafford, ambao mwaka 2009 walionyesha kwamba Marekani pengo la mshahara liko kwa wanaoendelea kuvuta. Walioacha hawakutofautiana na ambao hawajawahi kuvuta. Akaizima iliyokuwa mkononi, ikiwa nusu, akaichomeka sikioni.

“Kozi nyingine lini?”