Filamu ya Sungura haijapigwa marufuku, nshachoka kusema

Juzi tena kaingia kijana, salamu nusu nusu, kaweka flashi mezani kaniambia "fundi nitilie ile ya sungura ya Disney, ile iliyopigwa marufuku Marekani". Huyo wa tatu tangu Idi ipite. Mi kazi yangu ni kuhamisha mikanda ya zamani, maharusi, maulidi, sauti za wazee waliokwisha tangulia, napitisha kwenye deki naitia kwenye flashi basi, lakini watu wakiiona deki tu wanadhani kila filamu iliyopotea duniani imo kwenye droo yangu. Haya leo naandika, akija wa nne namtumia hii na mi naendelea na kazi.

Filamu yenyewe ni Song of the South, ya Walt Disney, ilitoka 1946, watu wa kweli wamechanganywa na katuni, mzee mmoja mweusi anaitwa Uncle Remus anamhadithia mtoto wa kizungu hadithi za sungura mjanja na mbweha na dubu. Ndo hiyo.

Sasa hili la MARUFUKU ndo linalonipandisha presha. Kaipiga marufuku nani? Ukimuuliza mtu anababaika, "si serikali yao". Serikali ipi yakhe? Hakuna sheria, hakuna hukumu, hakuna bodi iliyokaa ikasema isionyeshwe, na tangu 1952 Mahakama ya Juu ya Marekani ishasema filamu inalindwa na katiba yao kama gazeti, sasa waje waifunge filamu ya sungura kwa hoja gani. Kilichotokea ni kwamba mwenye mali kaifungia kabatini mwenyewe. Disney ndo wenye nayo na Disney ndo hawataki kuitoa. Wala si siri, mwaka 2020 mkubwa wao Bob Iger aliulizwa kwenye mkutano wa wenye hisa akajibu kwamba haitowekwa Disney+, huduma yao ya kuangalia filamu mtandaoni, hata kwa kutanguliza onyo, haifai kwa dunia ya leo. Mtu kakataa kuuza kitu chake, hilo nalo ni marufuku? Muuza urojo akifunga duka lake mtasema urojo umepigwa marufuku?

Najua inatoka wapi. Huku kwetu filamu ikizuiwa basi kuna ofisi imezuia, BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, wapo na sensa ni sehemu ya kazi yao, kwa hiyo mtu akisikia filamu haipatikani akili inakwenda moja kwa moja kwenye muhuri wa serikali. Lakini hebu piga hesabu mwenyewe. Hiyo "marufuku" ilirudi sinema za Marekani 1956, ikarudi 1972, 1973, 1980 na 1986, miaka arobaini baada ya kutoka bado watu wanakata tiketi. Wimbo wake wa Zip-a-Dee-Doo-Dah ulipata Oscar. Wakaja wakajenga mpaka mlima mzima wa bandia, mchezo wa kuteleza kwenye maji, kwenye bustani yao California, ukafunguliwa 1989, ndani yake sungura yule yule na mbweha yule yule, na filamu yenyewe wakati huo huo wanaificha! Mchezo wa California na mwenzake wa Florida wameufunga 2023 tu, wakaugeuza wa Princess Tiana, wa katuni yao nyengine, mwaka uliofuata. Kitu kilichopigwa marufuku hakijengewi mlima, jamani.

Na mnaona nashikilia neno moja kama mwalimu wa chuoni, lakini neno hili linakula pesa za watu. Kuna ami mmoja alinijia kutoka Wete, kavuka na boti na mkanda wake kaufunga mifuko miwili ya nailoni na kitenge juu, kauziwa na mtu hapa mjini kwa bei ambayo hata kunitajia aliona haya. Lebo imeandikwa kwa kalamu, SONG OF SOUTH, chini yake MARUFUKU kwa herufi kubwa zimepigiwa mistari miwili. Nikafungua kile kifuniko cha mbele, ukungu mweupe umetambaa pembeni mwa tepu yote, harufu kama ya kabati la marehemu. Ukungu ule ukiutia kwenye deki hivo hivo unaharibu hedi, kile kichwa kinachosoma tepu, na mkanda unaofuata nao unaambukizwa, kwa hiyo nikafungua skrubu zote tano, nikatoa magurudumu, nikakausha, nikasafisha tepu pole pole, siku tatu. Siku ya tatu yuko hapa kakaa kwenye stuli na kofia yake magotini, nikabonyeza. Mpira. Tena kipindi cha pili, umerikodiwa kwenye tivii, picha inaruka. Akanyamaza. Nikataka kuzima akaniambia "wacha kidogo". Akaangalia mpaka mwisho, kisha akauliza "hivi hawa kina nani?". Sikumtoza.

Aliyemuuzia hakuuza filamu, aliuza lile neno. Angemwambia "kampuni imeamua kutoitoa, lakini Uingereza ilitoka kwenye mkanda na ikauzwa madukani wazi wazi", ami angetoa pesa ile? Asingetoa hata nusu.

Na hapo ndo inakuja dhana ya pili, kwamba haijawahi kutoka kwenye mkanda kabisa. Marekani ndo haijatoka. Uingereza imetoka, Japani imetoka mpaka kwenye zile diski kubwa za leza. Mkanda wa Uingereza ni wa mfumo wa picha wa PAL kama mitambo yetu, unacheza kwenye deki yoyote ya hapa. Diski ya Japani ni NTSC, mfumo mwengine, na nakala nyingi zinazozunguka ukiona maandishi ya Kijapani yamegandia chini watu wakiimba ujue zilikotoka.

Hapo hapo anakuja mwengine mjuaji zaidi, eti mkanda wa Uingereza umekatwa dakika nne za utumwa. Hakuna aliyekata kitu! Sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde na PAL inakwenda 25, filamu ya dakika 94 ukiipitisha kwenye PAL inaisha kama dakika 90, na sauti inapanda kidogo. Hesabu ya darasa la sita. Filamu zote za kwenye PAL ziko hivo, ile ya kihindi uliyoiangalia utotoni nayo ilikuwa inakimbia hukujua tu.

"Nataka ya 4K fundi", yaani ile picha kali ya siku hizi. Hakuna. Kampuni haijatoa diski safi, basi ukiletewa 4K jua mtu kachukua mkanda au diski ya zamani akaivuta kwenye kompyuta. PAL ina mistari 576 na 4K ina 2160, hiyo iliyozidi imetoka wapi, mbinguni? Nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta ya nazi.

"Ya zamani hiyo haina mwenyewe". Anayo. Kwa sheria ya Marekani filamu ya 1946 inalindwa miaka 95, kwa hiyo mpaka 2041 uishe. Vitabu vya Joel Chandler Harris ilikotolewa ndo viko huru zamani, unaweza kuvisoma bure leo na usimlipe mtu.

Jengine linanikera kidogo chini ya lile la kwanza, hili la kusema zamani watu walikuwa hawajali, ni watu wa siku hizi ndo wanajifanya kuumia na kila kitu. Filamu ilifunguliwa Atlanta, Novemba 1946. Mwezi ule ule haujaisha, Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, keshapeleka simu ya maandishi kwa magazeti, anakubali kwamba kazi ya katuni na watu wa kweli ni nzuri lakini picha inayotoa ya mtumwa na bwana wake kuishi kwa raha ni upotoshaji. Watu waliandamana na mabango nje ya sinema. James Baskett mwenyewe, aliyecheza Uncle Remus, hakuhudhuria sherehe ya kufungua filamu yake kwa sababu mji ulikuwa wa ubaguzi. Mwaka 1948 akapewa Oscar ya heshima, mwanamme wa kwanza mweusi kushika Oscar, na Julai mwaka ule ule akafariki, 44 tu. Sasa niambie nani hakujali.

Na kusema "ni filamu ya utumwa" nako si sawasawa, kisa kimewekwa baada ya vita vyao vya ndani, utumwa ushafutwa. Ila ubaya wenyewe ndo uko hapo, mtazamaji haambiwi hivo popote, anaona jumba kubwa na watu weusi wanaimba wakirudi kazini, mwaka haujatajwa. Mtu wa Unguja aliyekulia karibu na mashamba ya karafuu hahitaji kufundishwa kwamba shamba lenye bwana halikuwa na nyimbo za furaha kutwa.

Sasa la mwisho, na hili nalisikia kwa watu wa kwetu tu: "Disney katuibia hadithi zetu". Nalielewa, moyo unadunda ukimuona yule sungura anavonasa kwenye mwanasesere wa lami, kwa sababu bibi yangu Makunduchi alinihadithia sungura mwizi wa maji aliyenaswa na kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Na ile sungura anamwomba mbweha "nifanye utakalo lakini usinitupe kwenye miba", si ni kobe wetu yule anayemwambia simba nisugue kwenye matope mpaka gamba litoke, simba mjinga anampeleka majini, kobe huyooo. Na Askofu Steere, mmishonari wa Kiingereza, alishazichapa hekaya za Zanzibar 1870, miaka kumi kabla kitabu cha kwanza cha Harris. Lakini tusijipe yasiyo yetu. Harris alikuwa mzungu wa Georgia, alizisikia udogoni kwa watumwa wa shamba alilofanyia kazi, na wale mababu zao wengi walitoka Afrika ya magharibi na ya kati, si bandari yetu. Sungura wetu na wao ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Aliyezichukua bila kulipa alizichukua kwa wale wazee wa Georgia, deni ni lao kwanza.

Kwa hiyo wewe wa flashi, sina. Ukiwa na jamaa Uingereza mwambie atafute mkanda halali wa zamani, nitauhamisha kwa bei ya kawaida kama wa harusi. Ukifika usiuweke juu ya friji wala chini ya kitanda, hewa ya bahari inauotesha ukungu kabla hata hujaununulia deki, simamisha wima kama kitabu, tia kwenye mfuko na zile punje za kukausha unyevu zinazokuja na viatu. Na mkiletewa mkanda wenye lebo ya kalamu nileteeni kwanza kabla ya kulipa, nakaa mpaka saa mbili usiku, Ijumaa baada ya sala.