Kupunguza mkondo wa filta kwenye tangi la aksolotli: maana yake

Kupunguza mkondo ni kuyatoa maji ya filta ule msukumo wake bila kupunguza kiasi kinachosafishwa. Nusu ya pili ya maelezo haya ndiyo inayosahaulika. Mtu akimwona mnyama wake anasukumwasukumwa, anaizima filta usiku. Hilo ni hatari. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa mnyama, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Wanahitaji oksijeni muda wote, na maji yakisimama humo wanaanza kufa. Aksolotli naye huchafua maji sana.

Huyu ni salamanda, jamaa ya chura mwenye mkia, wa asili ya Ziwa Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, ambalo leo limebaki mifereji ya maji yaendayo taratibu. Hatoki majini akikua kama afanyavyo chura. Hubaki na matamvua yake nje maisha yote, matatu kila upande wa kichwa, yenye nyuzinyuzi laini. Ngozi yake pia ina viungo vinavyohisi mtikisiko wa maji, na humsaidia kujua windo liko wapi. Ukimweka penye mkondo usiokoma, hapumziki mchana wala usiku. Ukiona matamvua yamekunjika kuelekea mbele, ncha ya mkia imejikunja na chakula anakikataa, shuku mkondo. Ila pima kwanza amonia na joto, maana dalili zinafanana. Joto zuri ni kama nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi.

Kazi yote iko pale maji yanapotokea. Maji yaleyale yakipewa nafasi pana zaidi ya kupita, kasi hushuka. Ndiyo maana watu hufunga bomba la matundu: hulazwa karibu na uso wa maji, matundu yakaelekezwa kwenye kioo. Angalia hapa: jumla ya eneo la matundu ikiwa ndogo kuliko mdomo wa bomba la filta, kila tundu litarusha maji kama sindano, na utakuwa umezidisha tatizo. Toboa mengi, au yapanue.

Kipande cha sponji mdomoni mwa bomba nacho kinafaa, ila huziba upesi. Kikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya maji ya bomba huua bakteria. Anayeanza upya ningemshauri anunue filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Mkondo wake ni mpole tangu mwanzo.

Uso wa maji uendelee kutikisika kidogo ili oksijeni iingie. Kisha dondosha kipande cha nyungunyungu katikati ya tangi. Kikizama karibu wima, mkondo ni mpole vya kutosha. Kikibebwa hadi upande wa pili, bado una nguvu.