It Happened One Night (1934): yanayosemwa na yaliyomo

Frank Capra aliiongoza filamu hii kwa ajili ya Columbia, kampuni iliyokuwa ndogo mbele ya vigogo wa Hollywood. Ellie Andrews (Claudette Colbert), binti wa tajiri, anaruka kutoka kwenye boti ya baba yake Miami, anaogelea, kisha anapanda basi la usiku kwenda New York kwa mume ambaye baba hamtaki. Ndani ya basi anakutana na Peter Warne (Clark Gable), mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi, ambaye yuko tayari kumsaidia ilimradi apate habari ya kuuza. Imepita miaka zaidi ya 90, na mengi yamezuliwa juu yake.

"Gable alipelekwa Columbia kama adhabu."
Hadithi tamu, lakini hesabu inasema vingine. MGM, studio iliyokuwa na mkataba naye, ilikuwa ikimlipa dola 2,000 kwa wiki huku haina filamu ya kumpa. Columbia ikamkodi kwa dola 2,500 kwa wiki, na MGM ikaweka mfukoni tofauti ya dola 500. Colbert ndiye aliyekuja shingo upande. Filamu yake ya kwanza na Capra, ya mwaka 1927, ilikuwa imeanguka, kwa hiyo alidai alipwe dola 50,000 na kazi iishe ndani ya wiki nne. Alipata vyote viwili, na baadaye Oscar juu yake.

"Blanketi linalotundikwa kati ya vitanda vyao liliwekwa kwa sababu ya sheria za maadili."
Hili ndilo kosa linalopotosha zaidi, maana linaifanya akili ya waandishi ionekane woga. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930, lakini zilianza kubana kweli Julai 1934, filamu ilipokuwa sokoni tangu Februari. Filamu nyingine za wakati huo zilionyesha mambo mazito kuliko haya.

Blanketi ni chombo cha kusimulia. Peter na Ellie wanalazimika kulala chumba kimoja kwenye vijumba vya wasafiri. Peter anafunga kamba katikati ya vitanda, anatundika blanketi na kuliita kuta za Yeriko. Fuatilia safari yake. Usiku wa kwanza linawatenganisha watu wasiopendana. Usiku wa pili wanalala kwenye nyasi kavu, blanketi halipo, na ndipo wanapokuwa na haya kuliko wakati wowote. Usiku wa tatu Ellie anavuka kwenda upande wa pili kusema yaliyo moyoni, na anaambiwa arudi. Mwishoni tunasikia tarumbeta ya mtoto, blanketi linaanguka, taa inazimika. Nyuso zao hatuzioni kabisa. Ukisoma sura ya 6 ya kitabu cha Yoshua katika Biblia, ambako kuta za Yeriko zinaanguka kwa sauti ya tarumbeta, utani wote umekamilika bila neno moja.

"Wanawake wa sinema za zamani walikuwa mapambo tu."
Tazama pale wanapoomba lifti. Peter anajigamba kuwa anazo namna tatu za kuinua kidole gumba. Magari yanapita tu. Ellie anapandisha sketi kidogo na gari la kwanza linapiga breki. Wapelelezi wa baba yake wanapogonga mlango ni Ellie tena anayedaka mchezo papo hapo: wanajifanya mume na mke wanaogombana, Peter anafoka, yeye analia, wapelelezi wanaondoka wakiamini kabisa kwamba hao ni wanandoa. Ni mzaha mkali juu ya ndoa yenyewe.

"Filamu hii haijachakaa hata kidogo."
Imechakaa, na pa kuonyesha ni pengi. Mwanzoni tu baba anampiga Ellie kofi. Peter akimbeba begani kuvuka mto anamchapa makalioni kwa sababu amebishana naye. Baadaye anamwambia baba mtu kwamba binti yake anahitaji mwanamume wa kumpiga kila siku, awe amekosa au hajakosa. Hili halikuteleza kwa bahati mbaya: limeandikwa ili watu wacheke, na leo ukumbi hunyamaza. Tena basi lile linatokea Florida katika zama ambazo sheria ilitenga weusi na weupe, nayo filamu haigusii.

"Mauzo ya singlendi yaliporomoka kwa asilimia 75 Gable alipovua shati na kuonekana hana singlendi ndani."
Tarakimu hiyo haina daftari la mauzo nyuma yake. Ni uvumi uliorudiwa mpaka ukaota mizizi.

"Hiki ni kisa cha Kihindi."
Waliokulia kwenye sinema za Kihindi, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, watakitambua haraka. *Chori Chori* (1956) ya Raj Kapoor na Nargis, kisha *Dil Hai Ke Manta Nahin* (1991) ya Aamir Khan na Pooja Bhatt, zote zimechota hapa: binti aliyetoroka, basi, mwandishi wa habari. Lakini hata Hollywood haikukibuni kisa chenyewe; kilitoka kwenye hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams ya mwaka 1933.

"Ni steringi maskini anayefukuzia pesa za baba mkwe."
Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti yake. Peter anakwenda kwake na bili ya dola 39.60, alizotumia njiani, na hataki senti zaidi. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Ndani ya basi kuna mama anayezimia kwa njaa. Ndiyo maana filamu inahesabu kila senti, na ndiyo maana ucheshi wake bado unauma. Hata donati ina somo: Ellie anafundishwa asiiache kwenye kahawa muda mrefu, italowa na kukatika.

"Ni ya zamani, kwa hiyo ni bure, na picha lazima iwe mbovu."
Hakimiliki yake Marekani inaisha Januari 1, 2030. Nakala chafu za mtandaoni ndizo zinazoiponza. Tafuta iliyokarabatiwa kwa 4K mwaka 2013. Kwenye televisheni, weka umbo la picha kuwa la asili au 4:3: kanda nyeusi kushoto na kulia si hitilafu, na ukiivuta ijaze kioo, nyuso zitapanuka kama chapati. Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo, la sivyo picha 24 kwa sekunde zitateleza kama tamthilia ya studio. Ina dakika 105.