Ridgeback haui simba jamani

Watu wengi bado wanaamini Rhodesian Ridgeback, yule mbwa wa rangi ya ngano mwenye mstari wa manyoya mgongoni, alizalishwa ili aue simba na ule mstari ndo alama ya ukali. Si kweli. Dume la kawaida lina kama kilo 36, simba dume anapita 150, sa hapo wanapiganaje? Kazi yake kule Zimbabwe na Afrika Kusini ilikuwa kumfuata simba na kumzunguka akibweka, anarukia pembeni kila akirushiwa kucha, anamchelewesha tu mpaka mwindaji afike na bunduki, ndo maana ana miguu mirefu na pumzi nyingi. Huo mstari ni nywele zinazolala kuelekea kichwani, amerithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, na ukimsogelea utaona pale mabegani una vizunguko viwili vinavyotazamana, mzuri kweli! Sifa rasmi za hawa mbwa zilipangwa Bulawayo, huko Zimbabwe, mwaka 1922. Kitabia ni mtulivu, mgeni anamsoma kwanza kwa mbali, kwa hiyo tafadhali usimchape eti awe mkali, anaishia kuwa mwoga na kung'ata hovyo hata watu wa nyumbani.